Kilimia kinapozuka Aotearoa: mwongozo kamili wa kuadhimisha Matariki na darasa la msingi

Ikifika Juni, madarasa ya shule za msingi huku Nyuzilandi, nchi ambayo kwa Kimaori huitwa Aotearoa, hujaa nyota za karatasi. Zinaning'inia darini kwa nyuzi, zimebandikwa madirishani, nyingine zinang'aa mpaka zinaumiza macho. Mwulize mtoto aliyeitengeneza, "Hii ni nyota gani?" Mara nyingi atakujibu, "Ni nyota tu." Ukisikia hivyo, jua kazi haijafanyika, hata kama darasa limependeza. Matariki, mwaka mpya wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, haihusu nyota kwa jumla. Inahusu kundi moja la nyota, na ndani ya kundi hilo kila nyota ina jina na ina kitu inachokilinda hapa duniani.

Kundi lenyewe sisi tunalijua. Ni Kilimia. Wazee wa pwani walikitazama kwa ajili ya kulima, ndipo jina lilipotoka, na wakatuachia msemo: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kuzama na kuzuka huko ndiko kunakofungua mwaka wa Wamaori. Mwezi wa Mei nyota hizi husogea karibu na jua zikapotea machoni. Mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai huonekana tena alfajiri, upande wa mashariki, baridi ya kusini ikiwa imekolea. Viazi vitamu, yaani kūmara, vimekwisha kuvunwa na kuwekwa ghalani, shamba limelala, na watu wana nafasi ya kukaa pamoja.

Mimi ni mwalimu msaidizi wa darasa la watoto wa miaka 7 na 8. Mwongozo huu nawaandikia walimu na wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili huku, ambao huombwa "kuja kusaidia kazi za mikono" bila kuelezwa cha kufanya. Aliye nyumbani Afrika Mashariki akitaka kufundisha habari za Wamaori, kazi nyingi humu anaweza kuzifanya pia, maana Kilimia kinaonekana kotekote.

Anza na kalenda

Matariki ni sikukuu ya kitaifa tangu mwaka 2022. Ya kwanza iliadhimishwa tarehe 24 Juni mwaka huo. Huwa Ijumaa, lakini tarehe hubadilika kwa sababu inafuata mwezi wa angani. Anayengoja mwandamo wa Idi kila mwaka hatahitaji maelezo marefu. Wamaori wana maramataka, hesabu ya siku za mwezi, na kila usiku una jina lake. Mwaka mpya husherehekewa katika siku za Tangaroa, zile za kumi la mwisho mwezi unapokuwa umebaki nusu na kuendelea kupungua, ndani ya mwezi wa baridi uitwao Pipiri. Serikali imekwisha kupanga tarehe hadi mwaka 2052. Za karibu ni hizi: 10 Julai 2026, 25 Juni 2027 na 14 Julai 2028.

Angalia hapo mtego. Muhula wa pili huisha mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo mwaka kama 2026 sikukuu inaangukia likizoni. Walimu wengi hukimbilia kuifanya mapema, katikati ya Juni, wakati nyota zenyewe hazijatoka vizuri. Mimi naona afadhali kusubiri. Shule zikifunguliwa tena tarehe 20 Julai 2026, Kilimia kitakuwa kimepanda juu zaidi alfajiri, na mwezi mchanga utakuwa umekwisha kutua zamani. Anga litakuwa jeusi, na mtoto ataona kile anachoambiwa.

Jitengee wiki nne. Ukijaribu kubana yote katika wiki moja utaishia kukata nyota za karatasi kama wengine.

Ulimi wetu una bahati

Kimaori kina irabu tano zilezile: a, e, i, o, u, zinatamkwa kama zetu. Kistari juu ya irabu kinairefusha, kama tofauti ya "paka" na "paaka" ukiivuta. Herufi "wh" siku hizi kwa watu wengi husikika kama "f", kwa hiyo whānau, yaani ukoo au familia, ni "faanau". Na "ng" ni ile ya ng'ombe. Wenzetu Wazungu wanahangaika na neno ngā wiki nzima, wewe unalisema mara moja. Usijinyime heshima hiyo: jitolee kuongoza watoto katika kutamka majina ya nyota. Salamu ya msimu ni "Mānawatia a Matariki".

Nyota tisa na kazi zake

Zamani shule nyingi zilifundisha nyota saba. Profesa Rangi Mātāmua, aliyeteuliwa na serikali kuwa mshauri wake mkuu kuhusu Matariki, alieneza elimu ya nyota tisa iliyokuwa katika maandishi ya mkono yaliyohifadhiwa na ukoo wake. Leo tisa ndizo zinazofundishwa zaidi:

- Matariki: nyota mama, afya na ustawi wa watu
- Pōhutukawa: waliofariki tangu Matariki iliyopita
- Tupuānuku: chakula kinachoota ardhini
- Tupuārangi: chakula cha juu, yaani ndege na matunda ya mitini
- Waitī: maji matamu na viumbe vyake
- Waitā: bahari
- Waipunarangi: mvua
- Ururangi: upepo
- Hiwa-i-te-rangi: matumaini ya mwaka unaokuja

Jina lenyewe Matariki ni ufupisho wa Ngā Mata o te Ariki Tāwhirimātea, macho ya mfalme Tāwhirimātea, mungu wa upepo. Ndugu yake Tāne alipowatenganisha wazazi wao, Ranginui aliye mbingu na Papatūānuku aliye ardhi, Tāwhirimātea alikasirika mno, akayang'oa macho yake, akayaponda, akayarusha angani. Watoto hupenda sana habari hii. Wengine huogopa kidogo, wakaomba irudiwe.

Gawa darasa katika vikundi tisa, kila kikundi na nyota yake, na kikundi hicho kibaki nayo wiki zote nne. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kuanzia hapo, kazi yoyote itakayofanyika mezani iwe na jibu la swali moja: hii ni ya nyota ipi?

Uliza kabla ya kuchukua mkasi

Kabla ya wiki ya kwanza, kaa na mwalimu wa darasa na, ikiwezekana, mzazi au mzee wa Kimaori anayeijua shule. Waulize eneo hilo linafuata nini. Kuna makabila, hasa upande wa Taranaki na Whanganui, ambayo hufungua mwaka kwa nyota Puanga, kwa sababu huko walipo huiona vizuri zaidi kuliko Matariki. Ukiingia na mabango yako ya Matariki peke yake utakuwa umefundisha watoto desturi ya jirani.

Yapo pia mambo ya adabu ambayo mgeni huyakosea bila kujua. Usikalie meza, kwa sababu meza ni mahali pa chakula. Usimpapase mtoto kichwani. Sisi tumezoea kufanya hivyo kwa upendo, lakini kwa Wamaori kichwa ni tapu, kina utakatifu wake. Na usichezee chakula. Hili la mwisho nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliwaletea watoto maharage, mchele na tambi wabandike kwa gundi watengeneze picha za nyota. Bibi mmoja wa Kimaori aliyekuja kumchukua mjukuu wake alisimama akatazama, akaniuliza kwa upole, "Hiyo ni ya Tupuānuku?" Nikajibu ndiyo, kwa furaha. Akasema, "Basi tungeipika." Tangu siku hiyo maharage yanaingia kwenye sufuria.

Chenga zile za kumetameta (glitter) nazo ziache. Ni vipande vya plastiki. Ukiosha mikono vinakwenda mtoni, na mto ni wa Waitī. Fataki ni hivyohivyo: Profesa Mātāmua amezisihi halmashauri za miji zisizitumie kwa Matariki, kwa sababu ya moshi na uchafu unaoangukia palepale tunapodai kupaheshimu.

Wiki ya kwanza: anga

Watoto wasitengeneze kitu kabla hawajaiona Matariki, hata kama ni kwenye picha. Waagize nyumbani, na mzazi mmoja aamke nao. Wakati mzuri ni kati ya saa 11:30 na 12:30 alfajiri. Tazama mashariki, kidogo kuelekea kaskazini. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Wamaori huziita Tautoru, na watu wa huku huziona kama kitako cha sufuria. Toka hapo nenda kushoto hadi kwenye nyota zilizokaa kama pembetatu, Te Kokotā. Endelea kushoto tena, utakuta kishada kidogo cha nyota zilizobanana. Usizikazie macho, tazama pembeni kidogo ndipo zinajitokeza. Wengi huona sita au saba.

Kazi ya mikono ya wiki hii ni taa ya kopo. Kila mtoto alete kopo tupu la matunda au nyanya, limeoshwa. Lijaze maji, lilaze kwenye friza usiku mzima. Barafu ndiyo siri: bila hiyo kopo linabonyea ukiligonga. Kesho yake funga karatasi yenye ramani ya nyota tisa kuzunguka kopo, mtoto ashike msumari, atoboe kila nyota kwa nyundo ndogo, tundu la Matariki liwe kubwa kuliko mengine. Fanya hivi nje, kopo likiwa limelazwa juu ya taulo ili lisibingirike, na watoto wanne kwa mara moja, wasizidi. Barafu ikiyeyuka, futa kingo na tia taa ndogo ya betri ndani. Mshumaa usitumie; kopo linapata moto na darasa lina mapazia.

Wiki ya pili: waliotutangulia

Wengi huiruka Pōhutukawa kwa sababu inahusu vifo, na mwalimu anaogopa watoto watalia. Nadhani hapo wanakosea. Kuwataja marehemu ndiko kunakotangulia siku ya Matariki yenyewe. Ukikuondoa, yanabaki mapishi na tiara.

Tundika karatasi kubwa nyeusi ukutani. Kila mtoto apewe ua jekundu la karatasi, mfano wa ua la mti wa pōhutukawa, aandike jina la mtu au achore kitu chake: kofia ya babu, kikombe cha shangazi. Asiyetaka kuandika asilazimishwe, abandike ua tupu. Mambo mawili uyajue kabla. La kwanza, watoto wengi hutaja wanyama wao. Mmoja aliandika jina la kuku. Usicheke, na usiruhusu wenzake wacheke. La pili, katika madarasa yetu wapo watoto waliotoka kwenye vita, au ambao wazazi wao walitoka huko. Siku mbili kabla, waambie wazazi kwa simu au ana kwa ana, kwa lugha wanayoielewa, kitakachofanyika. Hapa msaidizi anayejua Kiswahili ana thamani kubwa. Niliwahi kumkuta mama wa Kikongo mlangoni ameshika karatasi ya shule asiyoielewa, akidhani mwanawe ameambiwa aandike wosia.

Familia nyingine, za Kiislamu na za Kikristo, huuliza kama mtoto anashirikishwa ibada. Wajibu kwa ukweli. Karakia ni dua au maombi, na yapo yanayoelekezwa kwa nyota na miungu ya asili. Mzazi akipenda mtoto wake asimame kimya wakati huo, mwalimu atakubali. Kusuka, kupanda na kupika hakuna anayevikataa.

Mkeka mdogo wa harakeke

Hii ndiyo kazi ninayoipenda, na tutakaa hapa kidogo. Harakeke ni mmea wenye majani marefu kama mapanga, unaota kila mahali, na shule nyingi zina kichaka chake. Nyuzi zake zilikuwa nguo, kamba na nyavu za Wamaori. Aliyewahi kumtazama bibi barazani akisuka ukili wa miyaa hatashangaa na lolote.

Kwanza kukata. Kila tawi la harakeke huhesabiwa kuwa familia. Jani changa la katikati ni rito, mtoto. Yanayomkumbatia pande mbili ni wazazi. Ya nje ni mababu. Unakata mababu tu. Ukimkata mtoto au wazazi unaua tawi zima. Kisu kiende kwa mshazari, kikishuka kutoka katikati kwenda nje, ili maji ya mvua yateremke yasiozeshe shina. Hukati kukiwa na mvua, hukati usiku. Kabla ya kukata husemwa karakia. Mwache mwenye desturi aiseme. Kata wewe mtu mzima, watoto wachukue majani. Yakiwa chini, wasiyaruke wala kuyakanyaga.

Kisha kutayarisha. Ondoa kingo ngumu na uti wa kati. Kwa ukucha wa dole gumba pasua jani katika vipande vyenye upana wa sentimita 1, vyote sawa kadiri inavyowezekana. Mtoto mmoja anahitaji vipande 16 vya urefu wa sentimita 30. Lainisha kila kipande kwa kukivuta juu ya mgongo wa kisu butu mara mbili au tatu. Kikilainika kitajikunja kidogo chenyewe. Hatua hii watu huiruka, halafu wanalalamika majani yanakatika.

Sasa kusuka. Panga vipande 8 wima mezani, vimebanana, vibandike ncha za juu kwa utepe wa karatasi. Chukua kipande cha tisa, kipitishe juu ya kimoja, chini ya kingine, mpaka mwisho. Cha kumi kianze kinyume: chini, juu. Sukuma kila mstari uende juu ubanane na wenzake. Vikifika 8 vya kulala una mkeka wa karibu sentimita 8 kila upande. Kunja ncha zinazobaki nyuma, zichomeke chini ya mistari ya pili, kata kilichozidi. Mikono midogo ikishindwa kuchomeka, pini moja ya stepla kila kona si dhambi.

Mkeka wa majani mabichi hulegea ukikauka, kwa sababu majani husinyaa. Usiutundike siku hiyohiyo. Kesho yake watoto waukaze tena, ndipo utundikwe. Mabaki yote, hata ukingo mwembamba, yakusanywe na kurudishwa chini ya kichaka kilekile. Watoto hukumbuka hilo kuliko mkeka, sijui kwa nini.

Kazi ya kwanza ya mtu, kwa desturi ya wasusi wa Kimaori, hutolewa zawadi. Waambie watoto tangu mwanzo, la sivyo siku ya kutoa kutakuwa na machozi.

Wiki ya tatu: tiara

Tiara za Wamaori huitwa manu tukutuku. Neno manu lina maana ya ndege, na zilirushwa sana msimu wa Matariki, maana tiara hufika karibu na nyota kuliko mkono wa mtu. Zamani zilitengenezwa kwa magome ya aute, majani ya raupō na mabua ya toetoe. Kwa darasa, umbo rahisi ni la pembetatu.

Chukua vijiti vyepesi, mabua ya toetoe au mianzi myembamba. Viwili vya sentimita 60 vifunge pamoja kwa chini, vitanuke juu kama herufi V. Kimoja cha sentimita 50 kilale juu kikiunganisha ncha mbili. Kingine cha sentimita 80 kipite katikati kutoka chini hadi kizidi juu. Kwenye ncha hiyo funga shada la toetoe au manyoya, ndiyo taji lake. Funika pembetatu kwa karatasi nyembamba, kunja kingo, gundisha. Watoto wa kikundi cha Ururangi wapake rangi, lakini kidogo: rangi nyingi ni uzito. Uzi ufungwe mahali pawili kwenye kijiti cha katikati, uache ulegee kidogo, na hapo ndipo ufunge uzi mrefu. Mkia wa utepe wa mita moja na nusu ushuke kutoka ncha ya chini.

Ikizungukazunguka na kuanguka kwa kichwa, ongeza mkia. Ikikataa kupanda, sogeza fundo juu kidogo. Rushia uwanjani mbali na nyaya za umeme, siku majani na vitawi vidogo vinapotikisika. Upepo wa Wellington siku nyingine ni adhabu. Tuliwahi kupoteza tiara sita kwa dakika kumi. Watoto walifurahi sana.

Udongo, maji na mvua

Wakulima wa bustani huku wana mazoea ya kupanda kitunguu saumu siku fupi kuliko zote, karibu tarehe 21 Juni, wakavuna siku ndefu ikifika. Kitunguu saumu hakikuwa chakula cha Wamaori wa kale, lakini majira yanalingana na Matariki, na kinamfaa mtoto kwa sababu hakifi kirahisi. Tenganisha punje, panda ncha ikitazama juu, kina cha sentimita 5, umbali wa sentimita 15. Nunua mbegu duka la bustani, kwa sababu vitunguu vilivyotoka ng'ambo mara nyingi havioti. Hii ni kazi ya Tupuānuku.

Kikundi cha Waipunarangi kikate chupa ya plastiki, kigeuze sehemu ya juu iwe faneli, kipime mvua kila asubuhi kwa rula na kuandika. Waitī na Waitā waende kwenye mto au ufuko ulio karibu, wakiwa na glavu na watu wazima wa kutosha, waokote taka, wazioshe, watengeneze samaki wa kuning'iniza. Tupuārangi wahesabu ndege wa uwanja wa shule kwa dakika 15 na kuwachora. Kundi la Matariki lenyewe lihoji walimu na wapishi: umelala saa ngapi, unajisikiaje? Majibu ni burudani.

Hiwa mwisho

Wiki ya nne, kila mtoto aandike ombi lake kwa Hiwa-i-te-rangi. Usiwaache waandike baiskeli na simu. Waongoze waandike jambo watakalolifanya wenyewe mwaka huu: kuogelea mita 25, kujifunza kumsalimia bibi kwa lugha yake, kuacha kumgombeza mdogo wake. Karatasi zikunjwe zitiwe ndani ya taa za kopo.

Alfajiri yenyewe

Wapangie watu wawasili saa 11:30 alfajiri. Waje na blanketi na viatu vya kufunika, nyasi zitakuwa na jalidi. Taa za uwanjani zizimwe, taa za kopo zipangwe kuonyesha njia. Mzee au mwalimu aliyepewa jukumu ataanza na karakia, kisha majina ya marehemu yasomwe kutoka kwenye karatasi nyeusi, polepole. Atakayelia aachwe alie. Baada ya majina watoto waite nyota tisa moja moja, kila kikundi yake.

Ndipo sufuria ifunuliwe. Katika ibada ya whāngai i te hautapu, kulisha nyota, hupikwa vyakula vinne: kūmara kwa Tupuānuku, ndege kwa Tupuārangi, mkunga kwa Waitī, samaki wa bahari kwa Waitā, na mvuke unaopanda ndio sehemu ya nyota. Ibada kamili waachie wenyewe. Shuleni sufuria kubwa ya supu ya viazi vitamu na kuku inatosha, na mvuke wake kwenye baridi ile unaonekana vizuri sana. Sisi tuliongeza maandazi mwaka mmoja, hayakuonja jua. Kama watoto wako wanajua Mwaka Kogwa wa Makunduchi, waeleze wenzao hapo kwenye foleni ya supu: nako ni Julai, nako watu huufunga mwaka kwa jambo la pamoja.

Mawingu yakifunika anga, na hufunika mara nyingi, endelea vilevile. Tazameni upande wa mashariki mpaka kupambazuke.

Baada ya hapo toa mapambo yote ukutani, kasoro chati ya mvua. Taa na mikeka viende nyumbani. Bustani ibaki. Kila Jumatatu mtoto wa Tupuānuku apalilie na kumwagilia ikibidi, na Desemba, kabla shule hazijafungwa, ng'oeni vitunguu na kuvikausha kivulini. Kila mtoto aondoke na kimoja, na vichwa vitatu vikubwa viwekwe kabatini kwa ajili ya mbegu za Juni.